Damu ya mgonjwa yaweza kutandika mishipa mipya

KWA mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi, uhai hutegemea mshipa mmoja wa mkononi. Mashine ya kusafishia damu inaweza kuwapo, umeme ukawapo na wauguzi nao wakawa tayari, lakini mshipa huo ukiziba, kazi yote husimama.

Jambo hilo huwaelemea zaidi wakazi wa wilaya zilizo mbali na hospitali kubwa, kama vile Newala, iliyo juu ya uwanda wa Makonde, na Masasi, iliyo chini ya uwanda huo upande wa magharibi. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kwa takriban saa nne. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Newala hadi Masasi peke yake ina urefu wa kilomita 210, hivyo mgonjwa wa huko mara nyingi hujikuta akihamia mjini kwa ndugu na kuacha mikorosho yake mikononi mwa wengine.

Mshipa wake ukiziba, safari huwa ndefu zaidi, kwani madaktari bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu nchini ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam. Huko nako swali la kwanza ni lile lile: je, mgonjwa huyu anao mshipa mwingine unaofaa?

Kwa zaidi ya miaka 25 sasa, watafiti katika maabara mbalimbali duniani wamekuwa wakitafuta jibu la swali hilo ndani ya damu yenyewe. Wazo lao ni kuchukua seli changa zinazozunguka katika damu ya mgonjwa, kuzikuza, kisha kuzitandika ndani ya mshipa uliotengenezwa maabara, ili mwili uupokee kama mshipa wake wa kuzaliwa.

Mshipa si bomba tu

Wakazi wa uwanda wa Makonde wanajua vyema thamani ya bomba. Juu ya uwanda hakuna mito, na maji husukumwa kwa pampu kutoka katika bonde la Mitema hadi vijiji vya juu. Bomba likipasuka au likiziba, fundi hukata kipande kibovu, akaweka kipya, na maji yakaendelea kutiririka.

Kwa nje mshipa wa damu hufanana na bomba hilo, lakini ndani mambo ni tofauti. Ukuta wa ndani wa kila mshipa, kuanzia ule mkubwa unaotoka kwenye moyo hadi ule mwembamba kuliko unywele, umefunikwa na tabaka moja tu la seli zilizopangwa kama vigae sakafuni. Wataalamu huliita tabaka hilo endothelia.

Utando huo ni mwembamba mno, lakini ndio unaoizuia damu isigande wakati inapita. Seli zake hutoa oksidi ya nitriki, hewa inayolegeza mshipa na kuzuia chembe sahani za damu zisishikamane. Ugunduzi kuhusu kazi ya hewa hiyo ndani ya mishipa ndio uliowapatia Wamarekani Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998.

Mahali ambapo utando huo umechubuka, damu huona jeraha. Chembe sahani hukimbilia hapo, damu ikaganda, na tundu likazibwa. Kwenye kidole kilichokatwa na kisu huo ni msaada mkubwa, bali ndani ya mshipa wa moyo au wa mkono wa mgonjwa wa figo ni hatari.

Hapo ndipo ulipo udhaifu wa mishipa ya bandia. Mirija ya plastiki inayotumiwa hospitalini, kama ile ya Dacron na ile ya politetrafluoroethilini, haina utando huo. Inapowekwa mahali pa mishipa mikubwa ya kifuani au tumboni hudumu kwa miaka mingi, kwa sababu damu hupita humo kwa wingi na kwa kasi. Lakini tundu linapokuwa dogo kuliko milimita sita hivi, mirija hiyo huziba mara kwa mara. Kwa bahati mbaya, mishipa ya moyo na ile ya mguu chini ya goti ni ya ukubwa huo huo mdogo.

Wanavyofanya madaktari leo

Kwa sababu hiyo, mpaka sasa mshipa bora wa kupandikiza ni wa mgonjwa mwenyewe. Katika upasuaji wa kuzungusha damu kando ya mishipa ya moyo iliyoziba, upasuaji unaofanyika pia katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, madaktari hutumia mshipa uliotolewa mguuni, kifuani au mkononi mwa mgonjwa.

Kwa mgonjwa wa figo, njia inayopendekezwa kwanza ni ile iliyotangazwa na madaktari wa New York mwaka 1966. Ateri na vena za mkononi huunganishwa, ili vena ipokee damu yenye nguvu, itanuke, na kuta zake ziwe nene kiasi cha kuvumilia sindano za kila wiki. Muunganiko huo huitwa fistula, ingawa hauhusiani kabisa na fistula ya uzazi. Huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, kabla ya kuwa tayari kutumika.

Tatizo ni kwamba si kila mgonjwa anao mshipa wa kutosha. Wako ambao vena zao zimeharibiwa na sindano na dripu za miaka mingi. Wengine wameathiriwa na kisukari, na wengine walikwishatumia mishipa yao yote mizuri katika upasuaji wa awali. Hao huwekewa mrija wa plastiki, ambao huziba na kupata maambukizi kwa urahisi zaidi kuliko fistula.

Ugunduzi wa mwaka 1997

Kwa muda mrefu wanasayansi waliamini kwamba kwa mtu mzima utando wa mishipa hukua kwa njia moja tu, yaani seli zilizopo ukutani hugawanyika na kuziba pengo la jirani. Mwaka 1997, Takayuki Asahara na Jeffrey Isner pamoja na wenzao huko Boston, Marekani, walichapisha katika jarida la Science taarifa iliyotikisa imani hiyo. Walieleza kwamba katika damu inayozunguka mwilini mna seli ambazo bado hazijakomaa, lakini zinaweza kugeuka na kuwa na sifa za seli za utando wa mishipa.

Seli hizo zinaweza kuitwa seli tangulizi. Si seli shina zenye uwezo wa kuwa seli ya aina yoyote, wala si seli zilizokamilika. Zinafanana na mwanafunzi aliyekwisha kuchagua fani lakini hajahitimu, kwani njia yake inajulikana, ila bado ana nafasi ya kukua na kuongezeka.

Taarifa hiyo ilizua matumaini makubwa na baadaye mabishano makubwa. Watafiti wengi walikuwa wakiziita kwa jina moja seli za aina tofauti. Kazi zilizofanywa Indiana, Marekani, na kundi la Mervin Yoder na David Ingram kuanzia mwaka 2004 zilisaidia kutenganisha mambo. Zilionyesha kwamba nyingi ya zile zilizoitwa seli tangulizi ni chembe nyeupe za damu, ambazo husaidia mishipa kupona lakini haziwi ukuta wa mshipa. Zile zenye uwezo wa kweli wa kuunda utando zipo, ila ni adimu mno. Katika mililita 20 za damu ya mtu mzima zinaweza kupatikana moja tu au chache. Damu ya kitovu cha mtoto mchanga huwa nazo nyingi zaidi.

Kondoo walioonyesha njia

Jaribio lililofungua mlango wa matumizi lilitangazwa mwaka 2001 katika jarida la Nature Medicine na watafiti wa Boston wakiongozwa na Sunjay Kaushal. Walichukua mishipa ya nguruwe, wakaiosha kwa dawa hadi seli zote za nguruwe zikatoka na kubaki fremu ya nyuzinyuzi tu. Kisha walichukua damu ya kondoo, wakatenga seli tangulizi, wakazikuza na kuzitandika ndani ya fremu hizo. Mwisho wakaipandikiza mishipa hiyo katika shingo za kondoo.

Mishipa iliyokuwa na seli ilibaki wazi hadi siku 130. Ile isiyokuwa na seli iliziba ndani ya siku 15. Aidha, mishipa iliyotandikwa seli iliweza kukaza na kulegea kama mshipa halisi, jambo ambalo mrija wa plastiki hauwezi kulifanya.

Kwa binadamu, ushahidi kwamba utando huleta tofauti ulikwisha kuanza kukusanywa Vienna, Austria. Kuanzia mwaka 1989, madaktari wa huko, akiwamo Peter Zilla, ambaye baadaye aliongoza idara ya upasuaji wa moyo na kifua ya Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, walitandika mirija ya plastiki kwa seli zilizochukuliwa kwenye vena za wagonjwa wenyewe. Zaidi ya wagonjwa 300 waliwekewa mirija hiyo miguuni, na ilikaa wazi kwa muda mrefu kuliko mirija mitupu.

Hata hivyo, njia ya Vienna ilidai mgonjwa akatwe kwanza kipande cha vena, kisha asubiri wiki kadhaa seli zikue. Damu, kinyume chake, hutolewa kwa sindano, na anayeitoa hapotezi mshipa. Hiyo ndiyo sababu seli za damu zikapewa umuhimu.

Hatua kwa hatua

Kazi yenyewe huanza kwa kutoa damu ya mgonjwa. Damu huzungushwa kwa kasi katika mashine hadi ijitenge katika matabaka, na lile lenye seli nyeupe, ambamo seli tangulizi zimejificha, hukusanywa. Seli huwekwa katika sahani zenye lishe maalumu na joto la mwili. Baada ya wiki mbili hadi nne, vikundi vidogo vya seli huanza kuonekana, vikiwa vimepangika kama mawe ya barabarani. Vikundi hivyo hukuzwa hadi seli zifikie mamilioni.

Wakati huo huo huandaliwa fremu ya mshipa. Inaweza kuwa mshipa wa mnyama au wa binadamu uliooshwa seli zake, plastiki inayoyeyuka polepole mwilini, au mrija wa kawaida. Seli humiminwa ndani na fremu ikageuzwa taratibu ili zishike pande zote.

Hatua inayofuata ni ya mafunzo. Mshipa huwekwa katika chombo kinachopitisha kimiminika ndani yake, kwanza polepole, kisha kwa nguvu zaidi. Seli zinapohisi mkondo, hujinyoosha kuufuata na kushika kwa nguvu zaidi. Zikipandikizwa bila mafunzo hayo, nyingi zinaweza kusombwa na damu pale tu mishipa inapounganishwa.

Dhaifu kwa wanaozihitaji zaidi

Pamoja na mafanikio hayo, hadi sasa mishipa iliyotandikwa seli za damu si tiba ya kawaida hospitalini. Sababu ya kwanza ni muda. Mgonjwa ambaye mguu wake unakufa kwa kukosa damu hawezi kusubiri miezi miwili. Sababu ya pili ni gharama, kwa kuwa kila mgonjwa hutengenezewa mshipa wake peke yake, katika maabara isiyoruhusu hata mdudu mmoja kuingia.

Sababu ya tatu ndiyo nzito zaidi. Tafiti za miaka ya 2000 zilionyesha kwamba seli tangulizi hupungua au hudhoofika kwa watu wenye kisukari, kwa wavutaji sigara, kwa wenye ugonjwa sugu wa figo na kadiri umri unavyosogea. Kwa maneno mengine, wale wanaozihitaji zaidi ndio walio nazo chache, na mfuko unaotarajiwa kutoa akiba umetobolewa na ugonjwa ule ule unaotakiwa kutibiwa.

Wako waliojaribu kufupisha njia. Badala ya kukuza seli nje, walipaka kwenye stenti za moyo kingamwili zinazonasa seli tangulizi zinapopita katika damu. Wazo lilikuwa zuri, lakini alama inayonaswa na kingamwili hizo wanayo pia ndugu zao wengine wa damu, na stenti hizo hazikuweza kuzishinda zile zenye dawa.

Njia nyingine iliyofika mbali zaidi ni ya Laura Niklason wa Marekani na kampuni ya Humacyte. Wao hukuza mshipa kwa seli za misuli kutoka kwa watu waliojitolea, kisha huosha seli zote, wakabakiwa na mrija wa protini za binadamu unaoweza kuhifadhiwa na kutumiwa kwa mgonjwa yeyote. Mwaka 2016 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya wagonjwa 60 wa figo wa Marekani na Poland waliowekewa mishipa hiyo. Desemba 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha mshipa huo, kwa jina la Symvess, utumike kwa watu wazima waliojeruhiwa ateri za mikono au miguu pale vena yao wenyewe isipoweza kutumika. Kibali hicho kiliambatana na onyo kali kwamba mshipa unaweza kushindwa kufanya kazi.

La kuzingatia ni kwamba mshipa huo hupandikizwa ukiwa mtupu, na baadaye seli za mgonjwa mwenyewe huingia na kuukalia. Kwa hiyo hata waliochagua njia ya mkato bado wanautegemea mwili kutandika utando wake.

Tanzania ilipofika

Tanzania haina maabara inayotengeneza mishipa ya namna hiyo, lakini baadhi ya ngazi za kuifikia zimekwisha kupandwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018.

Mwaka 2021 Muhimbili ilianza pia kupandikiza uloto. Hospitali ya Benjamin Mkapa, yenye jina la Rais wa Awamu ya Tatu aliyezaliwa Lupaso, Masasi, ilianza huduma hiyo mwaka 2023 kwa watoto wenye selimundu. Katika upandikizaji wa uloto wa siku hizi, mara nyingi seli hazichotwi tena mfupani bali hukusanywa kutoka katika damu kwa mashine. Ujuzi huo wa kutenga seli adimu, kuzihifadhi zikiwa hai na kuzirudisha mwilini salama, ndio msingi wa kazi ya mishipa pia.

Historia ya Newala yenyewe inatoa somo. Homa iliyoukumba uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953 ndiyo iliyoipa dunia jina la chikungunya, neno la Kimakonde linaloeleza mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Kirusi chake kilipatikana katika damu ya mgonjwa wa Newala, lakini maabara iliyokichunguza ilikuwa Entebbe, Uganda. Kirusi kilivumilia safari hiyo. Seli hai zinazosubiriwa na mgonjwa hazina uvumilivu huo, na nchi isiyo na maabara yake itaendelea kununua mishipa iliyotengenezwa kwingine kwa bei ya kwingine.

Tahadhari nyingine inawahusu wakazi wa mijini. Vidonge na poda zinazotangazwa kuwa na seli shina, zikidaiwa kufungua mishipa na kufufua figo, huuzwa kwa bei kubwa. Seli hai haiwezi kudumu ndani ya kidonge kikavu, na ikimezwa humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Tiba iliyoelezwa hapa haimezwi. Hufanyika maabara na katika chumba cha upasuaji tu.

Mshipa wa kulindwa leo

Wakati sayansi ikiendelea, mshipa wa uhakika ni ule ambao mtu anao tayari. Kisukari na shinikizo la damu ndivyo vinavyoharibu utando wa mishipa na figo kwa pamoja, tena kwa kimya, na vyote viwili vinaweza kupimwa mapema katika kituo cha afya. Kuacha sigara hulinda utando huo huo pamoja na seli zinazoukarabati.

Kwa aliyekwisha kuambiwa kwamba figo zake zimedhoofika, ni vyema kuuliza mapema juu ya fistula badala ya kusubiri siku ya dharura. Ni vyema pia kuwakumbusha wauguzi watoe damu na kuweka dripu kwenye mkono wa pili au mgongoni mwa kiganja, ili vena za mkono utakaotumika zibaki salama.

Aliyekwisha kuwekewa fistula asipimwe shinikizo la damu kwenye mkono huo, asiulalie, wala asiutumie kubebea magunia ya korosho au ndoo za maji. Kila asubuhi aweke vidole juu yake na kusikiliza mtetemo wa damu inayopita. Siku mtetemo huo utakapokosekana, asisubiri siku ya kliniki, bali aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani mshipa ulioziba kwa saa chache una nafasi ya kufunguliwa ambayo mshipa ulioziba kwa wiki nzima hauna tena.